Kibarua, Kipande, Daba: Historia Fupi ya Kuitwa Mvivu

Ndani ya neno kibarua kuna barua. Kwenye miji ya pwani karne ya 19, Unguja na Mombasa hasa, mtu aliyekodiwa kufanya kazi ya siku moja alipewa cheti kidogo, na jioni alikirudisha ili alipwe. Cheti hicho ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia mwenye kuishika. Mpaka leo tunamwita mtu kwa jina la risiti yake.

Kuna jambo ambalo kamusi hazikai nalo sana. Wengi wa vibarua wa mwanzo walikuwa watumwa. Bwana aliwaachia waende mjini wajitafutie kazi za kutwa, kubeba mizigo au kujenga, na wakilipwa wampelekee sehemu yake, mara nyingi nusu. Kwa hivyo kibarua alikuwa na uhuru wa aina fulani. Alichagua pa kwenda, alipanga siku yake mwenyewe, hakuwa na mnyapara wa kumfuata hadi mlangoni. Lakini jioni ilipofika, hesabu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo tunalojiita. Mkute msee Isiolo mjini au Nairobi, mwandishi au mchoraji au mtu wa kuhariri video, umuulize siku hizi anafanya nini. Atakujibu, "Niko tu, napiga vibarua." Anasema kwa sauti ya kuomba radhi. Halafu anaanza kujishtaki bila kuulizwa: ati wiki hii sijatoa kitu, ati nimekuwa mvivu, ati lazima nijipange.

Kile anachojidai kinaitwa tija kwenye vitabu. Mtaani swali ni fupi zaidi: umetoa ngapi? Maneno mangapi, video ngapi, siku ngapi mfululizo bila kukosa. Nataka kujua swali hilo lilitoka wapi, nani alilipima kwanza, na alitumia kipimo gani. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Biliqo, kule Merti, siwezi kulijibu bila kupitia kwa ng'ombe. Mtanivumilia.

Tuanze pwani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Vibarua walibaki. Bandari ya Mombasa iliwahitaji kwa sababu meli haziji kwa ratiba ya ofisi: leo tatu, kesho hakuna. Kampuni zilipenda kumlipa mtu siku ya meli tu. Vibarua nao walijua kuitumia hali hiyo. Mtu alifanya kazi siku kadhaa, akapata ya kodi na ya unga, halafu akaenda shambani kwake, au akapumzika, au akashughulikia arusi ya ndugu yake. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima juu ya bandari hiyo, ameonyesha jinsi jambo hili lilivyowakera maafisa wa kikoloni. Machoni pao, mtu anayeweza kuamua kutokuja kazini kesho ni mtu asiye na nidhamu. Na wakati wakilalamika hivyo, mizigo ilikuwa inashuka melini kila siku.

Kisha ikaja migomo. Mwaka 1934, mwaka 1939, na ule mkubwa wa Januari 1947, uliosimamisha mji kwa karibu majuma mawili na kumtoa Chege Kibachia kama kiongozi. Serikali iliona kwamba kibarua asiye na tajiri mmoja ni mgumu kutawala. Katika miaka ya 1940 na 1950 vibarua wa bandari wakaandikwa kwenye sajili, wakatakiwa wajitokeze kwa zamu za kutosha kila mwezi, na wasiojitokeza wakaondolewa. Kwa waliobaki, sitadanganya, yalikuwepo mema: mshahara wa uhakika zaidi, nafasi ya kulea familia mjini. Lakini tazama kilichobadilika. Zamani kipimo kilikuwa meli imepakuliwa. Sasa kipimo kikawa mtu amejitokeza.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa hivyo. Mwaka 1967 mwanahistoria E. P. Thompson aliandika makala maarufu kuhusu jinsi wafanyakazi wa Uingereza walivyofundishwa saa. Kabla ya viwanda, fundi wa kwao alifanya kazi kama kibarua wa Mombasa: anajituma sana siku kadhaa, kisha analegea. Walikuwa hata na desturi ya kutofanya kazi Jumatatu, wakaipa jina la utani kama ya mtakatifu. Ilichukua vizazi vya kengele, faini na mahubiri kuwatoa huko. Halafu watoto na wajukuu wa watu waliofundishwa saa kwa faini wakapanda meli, wakafika kwetu, na kutuambia kwamba uvivu uko kwenye damu yetu.

Bara, chombo chao kilikuwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Kilikaa kwenye kijikasha cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kukuachilia, huajiriwi kwingine. Ukiondoka hivyo hivyo, ni kosa la jinai. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 baada ya kuupinga mfumo huo pamoja na kodi, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Mimi hufikiria sana zile safu za kipande. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, kisha mwajiri mwingine, tarehe nyingine. Katikati kuna pengo. Kwenye pengo hilo mtu alilima shamba lake, alijenga nyumba, alizika mzazi, alitunga wimbo. Kwenye cheti hakuna kitu. Na karani aliyesoma cheti hicho akiona pengo refu, alijua yuko mbele ya mvivu.

Pengo la namna hiyo ndilo lililotupa nusu ya fasihi yetu. Shaaban Robert aliajiriwa kama karani wa forodha Tanganyika mwaka 1926 na akaendelea na kazi za ukarani serikalini kwa miaka mingi. Kwa kipimo cha ofisi, tija yake ni fomu alizojaza. Mashairi na hadithi ambazo sisi tulitahiniwa nazo shuleni ziliandikwa nje ya safu.

Kwetu kaskazini hawakuja kutafuta vibarua. Walikuja kutafuta utulivu, yaani watu watulie mahali walipowekwa. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kufunga maeneo ya pembezoni, na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa nchi ambayo huingii wala hutoki bila kibali. Wakachora mistari ya malisho, kabila hili huku, lile kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana waliokuwa Wajir wakahamishiwa Waso, bonde la Ewaso Nyiro, na ndivyo wengi wetu tulivyokuja kuitwa Waborana wa Waso.

Maafisa walikuwa na nadharia ya kuwasaidia. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits alichapisha utafiti kuhusu jamii za ng'ombe za Afrika Mashariki, na wasimamizi wa makoloni wakaokota humo wazo moja walilolipenda: kwamba mfugaji anapenda ng'ombe kupita akili. Anakusanya tu. Hauzi. Anazunguka. Miaka 42 baadaye, mwaka 1968, Garrett Hardin aliandika makala iliyosomwa dunia nzima, yenye mfano wa wachungaji wanaoongeza mifugo kwenye malisho ya pamoja, kila mmoja kwa faida yake, mpaka malisho yanaangamia. Ulikuwa mfano wa kufikirika. Wachungaji wake hawakuwa na wazee, hawakuwa na mikutano, hawakuwa hata na majina.

Wakati Hardin anachapisha, Waborana wa Waso walikuwa wametoka tu kwenye jaribio la kweli. Vita vilivyoitwa vya Shifta vilianza mwaka 1963 na kuisha 1967. Serikali ya Kenya, sasa ya watu huru, iliwakusanya wafugaji kwenye kambi zenye ulinzi, Garba Tulla, Merti na kwingineko. Mifugo iliyokutwa nje ya kambi iliweza kupigwa risasi. Iliyokuwa ndani ilimaliza nyasi za karibu, kisha ikafa. Wazee wanakiita kipindi hicho Gaafa Daba, wakati wa kusimama. Hawakukiita wakati wa vita au wakati wa njaa, ingawa vyote vilikuwepo. Walichagua jina la kile kilichowaua: kusimamishwa.

Daba ilijibu swali ambalo maafisa walikuwa wamelijibu vibaya kwa miaka 60. Ile kutembea, ambayo haikuandikwa popote kama kazi, ndiyo ilikuwa kazi. Ilipozuiwa, utajiri wa vizazi uliisha ndani ya misimu michache, na familia zilizokuwa na ngamia zikapanga foleni ya chakula cha msaada. Baadaye ikaletwa miradi ya kilimo cha umwagiliaji, ili watu hao, waliofilisishwa kwa kusimamishwa, wafundishwe kufanya kazi. Na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga iliyofunga njia ya kudai fidia kwa yaliyotendwa na maafisa wa serikali kaskazini katika miaka ile. Isiolo imo.

Sasa niseme kazi ile ilikuwaje, kwa sababu kuna watu wanadhani mfugaji anaamka na kufuata mkia wa ng'ombe.

Ardhi ya malisho kwetu inasimamiwa na dedha, na wazee wake huitwa jarsa dedha. Wanaamua wapi pa kulisha wakati wa mvua, wapi pa kiangazi, na wapi pasiguswe mpaka ukame ukikaza kweli. Hicho kipande cha mwisho ukipita na gari utasema ni pori lililoachwa. Hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Kumbe kuna watu wanalilinda kwa bidii kubwa, na bidii hiyo ni ya kutofanya kitu pale. Visimani kuna aba herega, baba wa zamu. Yeye ndiye anayepanga mifugo ya nani inywe lini. Zamu hiyo ni kali kuliko ratiba ya ofisi yoyote niliyoijua, lakini kinachopimwa ni kisima: kinajaa kwa kasi gani, kitavumilia wangapi leo. Na kabla mifugo haijahamishwa, kuna abuuru. Vijana wanatumwa mbele kuangalia nyasi, maji, magonjwa, amani. Wanarudi bila kubeba kitu mkononi. Wamebeba habari, na wazee hawaamui mpaka wawasikilize.

Msiniambie watu hawa hawakuwa na hesabu ya wakati. Asmarom Legesse, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu Gada, alieleza kalenda ya Waborana yenye siku 27 za majina, na wataalamu wanaoisoma kwa mwezi na nyota. Saa walikuwa nayo. Ila hawakuifunga kwenye mkono wa mtu wakamwambia thamani yako ni hii.

Na nyimbo? Kusini mwa Ethiopia, kwa ndugu zetu, kuna visima vya tula vyenye kina kirefu sana. Wanaume hujipanga kama ngazi ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, ndoo za maji zinapanda mkono kwa mkono, na wote wanaimba. Wimbo unashika mwendo. Wimbo ukikatika, ndoo inagonga kichwa cha mtu. Mtu wa kupima tija akija pale na karatasi yake ataandika lita. Wimbo ataupa safu ya burudani, kama ataupa safu. Waulize walio shimoni kama maji yangepanda bila huo wimbo.

Hapa ndipo ninapoona sisi wenye kalamu na kamera tunaingia.

Kazi ya kuandika kwa kulipwa Kenya, ile ya mtandaoni iliyowasomesha wengi na kuwatoa wengine chuoni, mimi nikiwa mmoja wao, kwa kawaida hulipwa kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 275. Hicho ni kipande, sema tu hakina kijikasha cha chuma. Kijikasha nacho kipo. Kuna mteja wa ng'ambo aliyetaka niweke programu inayopiga picha skrini yangu kila dakika kumi na kuhesabu ninavyogusa kibodi. Nikisoma kitabu cha karatasi, programu iliandika sifuri. Nikifikiri, sifuri. Nikifuta aya mbaya na kukaa kimya nikitafuta nzuri, sifuri. Nikichapa upuzi haraka haraka, nyota tano. Yule karani aliyesoma mapengo ya kipande hajastaafu. Amehamia kwenye laptopu.

Kibaya zaidi, amehamia kichwani. Wengi wetu hatuhitaji tena programu. Tunajipiga picha wenyewe. Siku ya kusoma tunaita siku iliyopotea. Mwezi wa kuzunguka na wazo ambalo halijakaa sawa tunauita uvivu, halafu tunaandika kitu chochote ili hesabu isikatike, na kitu chochote hicho kinasomwa kama kitu chochote. Ni malisho ya kiangazi tumeyala wakati wa mvua. Ukame ukija, na kwa mtu wa kazi ya ubunifu ukame huja, hakuna pa kuhamia.

Najua jibu la msomaji mwenye bili ya stima. Kodi hailipwi kwa abuuru. Ni kweli, na mtu anayekwambia upumzike bila kukwambia nani atalipa bando anakuuzia kitu. Tena tusipambe maisha ya malisho. Wazee walioweza kukaa chini ya mti kujadili nyasi walikuwa na wake na mabinti waliokamua, waliochota maji, waliojenga nyumba na kuihamisha. Kazi yao haikuandikwa na mkoloni, na sisi wenyewe hatukuihesabu sana. Kijana anayejisifu leo kwamba anaipa kazi yake muda, mara nyingi kuna mama jikoni anayeulipia muda huo. Ukitaka kupanga upya maana ya tija, anza na huyo.

Lakini pia angalia nani siku hizi analipwa kwa ajili ya kungoja. Kuanzia miaka ya 2010, malisho ya kaskazini, Biliqo na Bulesa zikiwemo, yaliingizwa kwenye mradi mkubwa wa kaboni. Hoja yake ni kwamba ng'ombe wakizungushwa kwa mpango, nyasi zinapumzika na udongo unahifadhi kaboni zaidi, na kaboni hiyo inauzwa kama hati. Miongoni mwa wanunuzi walitajwa Meta na Netflix. Mwaka 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti kuupinga mradi, likisema pamoja na mengine kwamba unadharau mpango wa malisho ambao wenyeji walikuwa nao. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria. Mahakama zitaendelea na kazi yake. Mimi najifunza jambo moja hapo: nyasi kupumzika kulikuwa uvivu mpaka siku mtu mwenye soko alipolipa jina na bei. Ndipo kukawa bidhaa, na wanunuzi ni kampuni zile zile ambazo sisi tunazipikia vitu vya kutazama usiku na mchana.

Kwa hiyo tusiwaachie wengine kupimia mapumziko yetu. Hoja yangu haina haja ya falsafa kubwa, inaanzia kwenye karatasi ya bei. Ukiombwa makala, usiandike maneno 1,500 mara shilingi kadhaa. Andika: siku mbili za kusoma, siku moja ya kwenda kuongea na watu, nauli, siku mbili za kuandika, siku moja ya kuiacha ilale na kuirudia. Omba sehemu ya pesa mwanzoni. Weka malipo ya kazi itakayofutwa katikati ya njia, kwa sababu aliyetumwa kuangalia malisho akirudi kusema huko hakuna nyasi, amefanya kazi. Ukiwa mhariri wa jarida dogo lisilo na pesa, sema wazi ni siku ngapi unaweza kulipia, na usiombe zaidi ya hizo.

Na usifanye peke yako. Jarsa dedha hawakuwa mtu mmoja mwenye nidhamu nzuri, walikuwa baraza. Vibarua wa Mombasa waliposimama mwaka 1947 walisimama mji mzima. Mwandishi mmoja akimwambia mteja bei ya kusoma, mteja anamtafuta mwingine. Waandishi 30 wa mji mmoja wakiwa na karatasi ya bei yenye safu hiyo hiyo, mazungumzo yanabadilika.

Wateja wengine watakataa hata hivyo. Wataikata ile mistari ya juu, wabakishe siku za kuandika tu. Sawa. Lakini ile mistari itakuwa imeandikwa, na anayeikata atajua anakata nini. Kwenye kipande cha babu zetu haikuwahi hata kuwa na safu.